Mwanzi Kando ya Hema

Haya yalimpata rafiki yangu Shifa mchana, kwao Nkoma, Mbale. Kesho yake angeenda na mdogo wake Nakisige kupiga kambi Jinja, kando ya mto. Akasimamisha hema uani, akaingia, akafunga mlango, akajilaza kulijaribu. Turubai ilikuwa nzito, giza likamfunika. Nje kitu kikaburuzwa taratibu, kutoka kichwani mpaka miguuni: krrr. Halafu kikakatwa: kacha!

"Nakisige, acha mchezo!"

"Mchezo gani? Mimi niko jikoni, nakaanga sambusa zetu!"

Shifa akatoka. Mwanzi mbichi ulikuwa umelala kando ya hema.

Nakisige akaja, akautazama. "Dada, si ni kwa mwanzi kama huu walimpima Baba urefu, ndipo wakachimba kaburi lake?"

Shifa akauokota. Akamsimamishia mdogo wake ule mwanzi, ukampita. Akajisimamishia mwenyewe. Ulimtosha, kisigino mpaka utosi.