Windo la Mbono Kaburi

Mara ya tatu sasa Kassiani anashuka kwenye Fuso la ng'ombe mikono mitupu, ananuka mavi mpaka kwenye nywele.

Mbegu hakuna.

"Bosi, nikukamulie maziwa ya safari?" Osward, dereva, alimcheka, akakanyaga mafuta kuelekea bandari ya Karema.

Simu ya setilaiti ikaita.

"Mwewe, hapa Kituo. Umepata?"

"Hapana."

"Boti inaondoka saa nne. Ikivuka ziwa, Dorice tunampandisha mahakamani."

Kassiani akasonya. Huyo Dorice, mtafiti wa kampuni ya mafuta ya mimea kule Inyonga, Kassiani ndiye aliyemfunga pingu. Miaka tisa yule dada kahangaika na mbono kaburi, mpaka akapata aina inayotoa dizeli mara tatu ya kawaida. Wiki iliyopita miti yake yote ikakutwa imekatwa, visiki vimemwagiwa sumu, na ufunguo wa geti alikuwa nao yeye. Siku nne yuko mahabusu. Jana tu ndiyo ikajulikana kwamba Salvator, mkuu wa usafirishaji, alichonga ufunguo wa pili ili awauzie wageni wa ng'ambo ya ziwa aina hiyo, na kwamba mzigo unapitia kwenye Fuso la Osward. Lakini bila mzigo utamshika kwa lipi?

Na balaa haliji moja. Land Cruiser ya serikali ilipasua rejeta Ilembo. Bodaboda aliyoikodi, Boxer ya Ndaki wa Makanyagio, nayo imepata pancha.

"Kwani nyie mnatafuta nini kwenye ng'ombe za watu?" Ndaki aliuliza huku anajaza upepo.

"Mbegu za mbono."

Ndaki akacheka mpaka pampu ikamponyoka. "Mbegu? Afande, zizi la baba yangu lote ni mbono, na mbegu hatujawahi kupanda! Unakata fimbo, unachomeka, inaota."

Kassiani akageukia barabara ya Karema.

Yale matita ya fimbo mbichi nyuma ya kichwa cha lori! Osward alisema ni za kujengea zizi. Kassiani kayakanyaga mara tatu, na mara moja kayakalia kabisa, akifunga kamba za buti.

"Shenzi kabisa mimi! Ndaki, kimbiza!"

Karema, saa nne kasorobo. Matita yalikuwa yanapandishwa kwenye boti. Salvator alimwona, akachomoa bastola.

Alichelewa.

Glock ya Kassiani ililia mara moja. Injini ya boti, Yamaha, ikatoboka, ikaanza kufuka moshi.

"Ya pili ni yako."

Salvator akatupa silaha. "Afande, fimbo tu hizi!"

"Najua. Lala chini."

Aliwafunga pingu, Salvator na Osward, kisha akapiga simu.

"Kituo, mzigo ninao. Mwachieni Dorice."

"Mbegu kilo ngapi?"

"Hakuna mbegu. Ni fimbo."

"Fomu ya kielelezo inataka kilo, Mwewe."

"Nipe Dorice!"

Sauti ya kike ikaja, imechoka. "Zimenyauka?"

"Hapana. Zinachipua."

Dorice akaangua kilio.

"Ziweke kivulini," Dorice akasema hatimaye. "Siku ile unanifunga nilikwambia tafuta fimbo. Ukaniambia nyamaza, wewe mwizi."

"Ulisema kweli. Nisamehe, dada."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Kassiani akavaa miwani yake ya jua, akabeba tita la kwanza begani, akatembea nalo polepole kuelekea kivulini.