Kuku wa Inshirahi Watoka Tengani

Kila asubuhi, kabla ya kuoka mkate, Inshirahi alipanda juu ya paa la nyumba yake, kijijini Fayumu. Mkononi alibeba bakuli la pumba iliyolowekwa. Kuku wake walikuwa kumi na wawili, wa kienyeji, shingo nyeupe, madoadoa mgongoni. Walikaa ndani ya matenga matatu ya fito za mtende, moja juu ya jingine.

Zamani walitembea huru. Lakini walizoea kutaga kwenye paa la jirani, na jirani alisema, "Yai likitagwa kwangu, langu." Basi Inshirahi akawafungia. Mayai hayakupotea tena, naye akajiona mjanja.

Wakati huo binti yake, Rawiya, alikuwa amekuja kujifungulia kwao. Alipojifungua alitoka damu nyingi, hata midomo ikapauka. Mkunga alisema ale vizuri: mboga za majani, dengu, na yai kila siku.

Asubuhi moja Inshirahi alikuta mayai mawili tu, moja lina damu. Kuku mmoja wa tenga la chini alikuwa amedonolewa mgongo hadi nyama ikaonekana. Alilifuta lile yai, akalikaanga kwa samli, akampelekea binti yake.

Rawiya aliisukuma sahani.

"Mama, jana nilipanda kuanika nepi. Nimewaona. Kuku analiwa na wenzake akiwa hai, halafu mimi nile yai lake? Halipiti kooni."

"Mwanangu, utakufa na huruma yako! Kula."

"Sili."

Inshirahi alikwenda kumweleza wifi yake, Shaukiya. Shaukiya hakusita. Alikipasha kisu moto jikoni mpaka kikawa chekundu, akapanda nacho juu.

"Tuwakate midomo," alisema. "Kuku asiye na ncha atamdonoa nani? Mshike huyo."

Inshirahi alimshika kuku. Moyo wa yule ndege ulipiga haraka chini ya vidole vyake. Kisu kilipokaribia, Inshirahi aligeuka, akamkinga kwa bega.

"Ondoa moto wako, wifi."

"Loo! Leo kuku amekuwa mwanao? Mnyonyeshe basi!"

"Nicheke tu. Mdomo huu hauguswi mpaka nijue kwa nini wanadonoana."

Akamtia kikapuni yule kuku aliyejeruhiwa, akatelemka, akaenda moja kwa moja kwa Hikmati, mwanamke anayechanja mifugo ya kijiji. Hikmati alimpaka yule kuku dawa ya kidonda, kisha akaja naye mpaka juu ya paa. Aliyatazama matenga, akauliza:

"Mama Rawiya, tenga hili ni la nini?"

"La kupelekea kuku sokoni."

"Safari ya asubuhi moja. Wako wamekaa safarini miezi mingapi?"

Inshirahi aliinamisha macho. "Minne."

"Hawa wana njaa ya kuparua. Kuku akikosa mchanga wa kuparua, humdonoa mwenzake. Na wa chini ananyewa na wa juu."

"Ndiyo maana nilisema midomo ikatwe," alidakia Shaukiya.

"Mdomo wa kuku una uhai hadi karibu na ncha, bibi. Ndio mkono wake. Jaribu kwanza kidole chako."

Shaukiya alikificha kisu nyuma ya gauni.

"Basi niambie," alisema Inshirahi. "Ni dhambi kula mayai yao?"

"Huna jogoo hapa, yai halitakuwa kifaranga. Mimi mwenyewe nayala. Lakini anayekulisha ana haki kwako: nafasi, kivuli, maji safi, karai la mchanga mkavu na majivu aogee, fito za kulalia, na sanduku lenye giza la kutagia. Maganda ya mayai yakaushe, yasage, uwape."

"Watajifunza kula mayai!" alisema Shaukiya.

"Yakiwa unga, hawatayatambua."

"Na jirani je?" aliuliza Inshirahi.

"Punguza manyoya marefu ya bawa moja, hawataweza kuruka. Ni kama kukata nywele, hayaumi. Zungushia matete, na juu tandaza wavu, ndege wa porini wasiwaletee maradhi. Nawe ukitoka huku, nawa mikono kwa sabuni."

Siku hiyohiyo Inshirahi aliyavunja matenga. Viganja vilichubuka, hakuacha. Fito zake alizifanya uzio pamoja na matete. Shaukiya alitazama, akaguna, mwishowe akapanda na ndoo ya mchanga. Aliyejeruhiwa walimweka peke yake mpaka kidonda kikakauka.

Wiki ya tatu, yalipatikana mayai saba kwa siku. Rawiya alipanda mwenyewe, akawakuta kuku wamelala kwenye mchanga, mabawa wazi, macho nusu. Aliokota yai lenye joto, akashuka kulichemsha. Akala mpaka chembe ya mwisho.

Arobaini ilipoisha, mtoto mgongoni, Rawiya alisema, "Mama, nipe kuku wawili niende nao."

"Una kivuli kwako? Una mchanga?"

"Bado."

"Nenda kaandae," alisema Inshirahi. "Ukimaliza, niite nije nipaone. Hapo ndipo nitakuletea kuku."