Chupa Tupu za Bibi

"Sabuni imeyeyuka! Bibi, njoo uone! Yaani sabuni nzima imelala kwenye kisahani kama uji!"

Hakuna aliyekuja kuona. Kutoka chumba cha ndani ilisikika "hm" moja fupi tu.

Aliyekuwa akipiga kelele ni msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Jina hilo alikuwa amelichuma kwa jasho lake. Akiona paka mgeni, lazima awatangazie watu. Akiota ndoto, darasa zima linaijua kabla ya kengele. Lakini redio isiyo na msikilizaji ni nini, jamani? Ni sanduku tu. Na wakati ule wa joto kali, Redio hakuwa na msikilizaji hata wa dawa.

Wanafunzi walikuwa wakirudishwa nyumbani mapema, maana madarasa ya bati yalikuwa yamegeuka tanuri. Rafiki yake, ambaye walikuwa kama chanda na pete, alipelekwa kwa shangazi yake, huko kwenye upepo. Mchana barabara ilikuwa tupu kiasi kwamba ukisikia ndala za mtu mmoja unakimbilia dirishani kuchungulia ni nani.

Na mama je? Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, na zahanati ilikuwa imejipanga kama watu wanaosubiri vita. Kliniki ya watoto wachanga ilihamishiwa alfajiri, kabla jua halijakaza. Chumba cha mikutano kiligeuzwa kuwa chumba cha baridi, chenye mapazia mazito, feni, mashuka ya kulowesha na madumu ya barafu. Wauguzi waliongezewa zamu. Mama aliondoka Redio akiwa amelala, akarudi Redio akiwa amelala. Asubuhi Redio alikuta kikombe cha mama kwenye beseni, na ndani yake mduara wa chai. Aliutazama ule mduara, akajua kwamba mama alikuwapo.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na bibi mzaa mama. Bibi alikuwa fundi cherehani enzi zake, amezoea kuongea huku amebana pini midomoni, ndiyo maana hata uzeeni maneno yake yalikuwa mafupi. Nyonga ilimsumbua tangu alipoteleza msimu wa mvua. Hakuweza kutembea bila kushikwa mkono, na choo chenyewe kilikuwa mwisho wa ua, mahali pasipo na kivuli hata cha kumficha kuku.

Kila asubuhi alipita dada wa afya na baiskeli yake na kofia pana kama ungo. Zahanati ilikuwa imewagawia wahudumu kama yeye nyumba zote zenye wazee, wagonjwa na watoto wachanga, wazizungukie. Alimpima bibi joto, akaacha chupa mbili kubwa za maji.

"Haya Redio, taarifa ya habari inasemaje leo?"

"Dada, kwanza ile sabuni..."

"Utanisimulia siku nyingine, mdogo wangu, nina nyumba nyingi. Bibi anakunywa?"

"Anamaliza zote! Tazama chupa za jana. Tupu!"

"Hongera. Ukimwona anasema mambo yasiyoeleweka, au mwili umekuwa wa moto sana, piga namba iliyo kwenye kibandiko mlangoni. Usingoje."

Akaenda zake. Redio alibaki mlangoni, neno sabuni bado liko mdomoni.

Sasa, kuna jambo lazima mlijue. Joto lilipoanza, bibi alikuwa akimwita mara nyingi. "Mjukuu wangu, nishike twende." Anashikwa, wanajikokota uani, wanarudi. Baada ya muda, "Mjukuu wangu, nishike." Mchana mmoja Redio alikuwa ndiyo kwanza amejilaza sakafuni penye ubaridi, na upweke umemjaa mpaka kooni. Akaropoka:

"Bibi jamani, tena? Si tumetoka sasa hivi! Hicho ni kibofu au bomba bovu?"

Alidhani ni utani. Na bibi alicheka kweli, kidogo. "Basi, mama. Imepita," akasema, akajilaza.

Tangu siku hiyo bibi aliomba kushikwa asubuhi tu, na usiku mama akirudi. Redio alifurahi, akasema moyoni, afadhali, bibi amepata nguvu. Hakujiuliza zaidi.

Jambo jingine ambalo hakujiuliza ni majani. Ua mzima ulikuwa umekauka kama mkate wa juzi, ila chini ya dirisha la bibi, lile lililo ubavuni mwa kitanda chake, kulikuwa na kipande cha majani mabichi, mororo, ya kupendeza.

"Bibi, majani yanaota chini ya dirisha lako! Muujiza!"

"Hm," bibi akasema.

Ikaja siku ambayo joto lilivuka mipaka. Hata nzi walikaa ukutani wamechoka. Redio alirudi kutoka shule, akaingia chumba cha ndani kutangaza kwamba mwalimu wa hesabu amefundisha huku ameweka miguu kwenye beseni la maji. Bibi akageuza kichwa polepole.

"Dada, umerudi kisimani? Punda amekunywa?"

"Punda gani, bibi?" Redio akacheka. "Leo na wewe unatania!"

"Mfungue punda, dada. Baba atakasirika."

Kicheko kikamkauka. Aliushika mkono wa bibi; ulikuwa wa moto kama sufuria. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kando ya kitanda kulikuwa na chupa tupu, lakini ukingo wa dirisha ulikuwa umelowa. Redio alichungulia nje. Kwenye yale majani mabichi matone ya maji yalikuwa bado yanang'aa.

Akaelewa yote kwa mpigo.

Alikimbia mlangoni na simu ya bibi, akapiga ile namba. Na huyu msichana mwenye maneno elfu, siku hiyo alisema machache tu: "Ni bibi yangu. Anawaka moto. Ananiita dada."

Sauti upande wa pili ilikuwa tulivu. Ilimwuliza nyumba iko wapi, ikamwambia bajaji ya wagonjwa inakuja. "Mlegeze nguo. Lowesha shuka, mfunike, weka vitambaa vya maji shingoni na kwapani. Mpepee bila kuacha. Usimnyweshe kitu kwa sasa, asije akapaliwa."

Alipepea. Alitoka mara moja kuita majirani, lakini milango yote ilikuwa imefungwa kuzuia jua, na sauti yake ikampotelea barabarani. Akarudi kupepea kwa jalada la daftari, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Bibi alimsimulia dada yake aliyekwisha kufa habari za punda. Redio aliitikia, "Ndiyo, amekunywa. Ndiyo, nimemfunga." Hakuwahi kuwa mpweke namna ile, na hali mtu anaongea naye.

Bajaji ya wagonjwa ilifika na dada wa afya ndani. Kule zahanati, mama alikuwa mlangoni mwa chumba cha baridi, ameshika mashuka yaliyolowa. Alipomwona anayeletwa, mashuka hayakumdondoka. Alimfunika mama yake, akageuza feni.

"Leo amekunywa maji kiasi gani?" tabibu akauliza, bibi amemkamata koti, anamnong'oneza kitu.

"Huyu anamaliza chupa zote," dada wa afya akajibu. "Naziona mwenyewe kila siku."

Tabibu akamgeukia Redio. "Ni kweli?"

Ingetosha kuitikia kwa kichwa. Chupa zilikuwa tupu, au siyo? Nani angejua? Na akisema kweli, ataulizwa kwa nini, na mama yake amesimama pale pale anasikiliza.

"Hajanywa," Redio akasema. "Anayamwaga dirishani. Siku nyingi sasa. Kwa sababu mimi... mimi nilimwambia kibofu chake ni bomba bovu. Nilichoka kumpeleka chooni."



"Umenisaidia sana," tabibu akasema, hakupandisha sauti. "Amekauka kuliko nilivyodhani. Dripu, haraka!"

Redio alikaa kwenye benchi la nje. Watu walipita na barafu, wakapita na mashuka, hakuna aliyemtazama. Aliona afadhali angegombezwa.

Jua lilipolegea, mama alitoka, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Lini mara ya mwisho walikaa hivyo? Redio alianza kulia kabla hajaambiwa neno.

"Bibi anaendelea vizuri. Amenitambua," mama akasema. "Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu ukimwonyesha kwamba ni mzigo, atajipunguza mwenyewe mpaka aishe. Bibi alipunguza maji ili akupunguzie safari. Maneno yako yalimwumiza, na lazima ujue hivyo. Lakini leo ulisema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi, na kweli hiyo ndiyo iliyomwonyesha tabibu pa kuanzia. Mshike bibi yako mkono bila kuguna. Ukichoka, niambie mimi. Kukuacha peke yako na kazi yote ile, hilo ni kosa langu."

Dada wa afya naye alikuja, kofia mkononi. "Na mimi ninalo langu. Nilihesabu chupa, sikuuliza choo kiko wapi. Kuanzia sasa kila nyumba tutauliza, na wenye shida kama ya bibi tutawapelekea vile viti vyenye ndoo vilivyoko stoo, wavitumie chumbani. Nitawaangalia wanavyokunywa, kwa macho yangu."

Ndani, bibi alikuwa macho. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wake.

"Nisamehe, bibi."

Bibi alimfinya shavu. "Utanishika mara ngapi?"

"Utakavyo."

"Hm. Haya, niambie. Ilikuwaje?"

Niambie! Bibi hajawahi kumwambia mtu neno hilo! Redio akapanda ukingoni mwa kitanda, akaanza. Alisimulia punda, bajaji, dereva aliyekuwa akiimba kwa woga. "Na tulipofika, bibi, ukamkamata tabibu koti, ukamvuta, ukamwambia..."

"Imetosha," mama akasema. "Mgonjwa alale."

"Nilimwambiaje?" bibi akauliza.

Redio alimwinua kichwa, akamwekea kikombe midomoni, akangoja mpaka amemeza funda la mwisho.

"La tabibu ni refu, bibi. Nitakwambia kesho."