Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Binti wa jirani yangu, yule fundi cherehani, alisomea tiba ya viungo katika chuo kidogo cha binafsi kilichopanga juu ya duka la magodoro. Somo hilo hujifunzwa kwa mikono. Wanafunzi hukaa wawili wawili: mmoja analala kitandani, mwenzake anampapasa misuli na kumkunja magoti, kisha wanabadilishana. Jumatatu moja, siku ya kawaida kabisa, mwenzake alikataa kulala.

Aliyeeneza maneno ni kiranja wa darasa, msichana mwenye mdomo usiojua likizo. Eti bibi yake binti huyu alikuwa mkunga mchawi, akina mama waliokuwa wakijifungua walimfia mikononi, na mikono hiyo mjukuu ameirithi. Wakambandika jina la Mkono wa Bibi. Hakuna tena aliyetaka kuguswa naye, na mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia. Akifeli, anarudi kwa mama yake kushona vifungo.

"Ningekuwa mchawi, hiyo midomo yenu ingekuwa bado inafanya kazi?" aliwauliza. Walicheka, lakini walisogea nyuma.

Akahamia kitanda cha dirishani, ambacho hakikutumiwa na mtu, akaanza mazoezi hewani. Anashika goti lisilokuwepo, analikunja, analinyoosha. Wenzake wanamtazama kwa pembeni, wanabana vicheko. Hakuwapa raha ya kuona chozi lake.

Mchana mmoja, wenzake wamekwenda kula, hewa ikawa nzito mikononi mwake. Akadhani ni uchovu. Akabonyeza. Ilikuwa ngozi. Ya baridi. Chini yake kulikuwa na mfupa wa goti, na goti lenyewe limekakamaa, halinyooki.

Miguu ilitaka kukimbia. Hakuiruhusu.

"Sikia wewe," alinong'ona. "Wazima wamenikataa. Wewe hujanikataa. Basi tulia nikunyooshe."

Godoro likabonyea. Kitu kilikuwa kimejiweka sawa.

Tangu hapo akawa anakosa chakula cha mchana kwa ajili ya goti lile. Siku ya mtihani ikafika. Kiranja akapangwa naye, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mwalimu, huyu hanigusi!"

Mwalimu wa vitendo, mama mkali asiyependa porojo, alimgeukia binti. "Kwa hiyo huna mgonjwa?"

"Ninaye, mwalimu. Yuko dirishani."

Darasa likaangua kicheko. Binti hakujali. Akainama, akashika, akanyoosha. Mwalimu akamfuata na rula yake ya kupimia magoti, amkomeshe mzaha huo. Akaishusha juu ya godoro.

Rula ikagota. Hewani.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akapapasa polepole, kutoka paja hadi kisigino. Midomo ikamkauka.

"Limenyooka," alinong'ona. "Umefaulu. Sasa mwambie ashuke."

"Shuka taratibu," binti akasema. "Tanguliza mguu mzima."

Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa. Unyayo ukajichora kwenye maji. Kisha mwingine, ukiburuzwa kidogo. Hazikwenda mlangoni. Zilipita kitanda baada ya kitanda, zikasimama nyuma ya kiranja.

Nywele za kisogoni mwake zikapepea. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Dada," kiranja alinong'ona. Siku hiyo hakukuwa na Mkono wa Bibi. "Nakuomba. Mwambie aondoke."

Binti hakuinamisha kichwa. Alikuwa anakunja shuka lake. "Mimi nimemfundisha kutembea tu. Anakokwenda ni shauri yake."

Leo binti ana kazi, na wagonjwa wanapanga foleni kusubiri mikono hiyohiyo. Kiranja aliacha chuo wiki ileile. Mfagizi, aliyekuwa ameshika dekio lake mlangoni kiranja alipokuwa akitoka na begi, anaapa kwamba alipita peke yake. Lakini kwenye sakafu mbichi zilibaki nyayo za watu wawili, na wa nyuma alikuwa peku.