Koti Lililoshuka Mlimani

Kagaruki alisimama mbele ya jeneza, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Halifunguliwi," alisema. "Huko Moshi wamelipigilia misumari makusudi. Ugonjwa huu wa kukonda mnaujua."

Klaudia, mjane wa marehemu, alimpita. Aliingia jikoni, akatoka na panga, akapenyeza ncha yake chini ya ubao na kuukandamiza mpini. Msumari wa kwanza ukalia. Waombolezaji wakarudi nyuma hadi kwenye migomba. Ilikuwa Januari 1989, kijijini Ijumbi, wilaya ya Muleba. Miaka kumi baada ya vita na Uganda, watu walikuwa wanaiogopa maiti kuliko walivyoyaogopa mabomu.

Ndani alilala Lameki, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeaga nyumbani akaenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Amevaa shati moja jepesi.

"Mawe, mama yangu!" alisema Klaudia. "Mtu amefia kwenye barafu na shati? Niitieni polisi."

Sajenti Felicitas Mushumbusi wa Muleba alifika saa tisa alasiri, viatu vimejaa matope. Aliitazama maiti, akaifunika, kisha akamwita Kagaruki pembeni. Kagaruki alikuwa mdogo wa marehemu, baba mmoja, mama mbalimbali.

"Mlipanda wangapi?"

"Watatu, Afande. Kaka, mimi, na Umedbhai, yule Mhindi wa duka la vitambaa Bukoba. Magoti yalimshinda, tukamwacha kibanda cha pili, Horombo. Sisi tukaendelea hadi Kibo, kibanda cha mwisho."

"Ikawaje?"

"Jioni kaka akaanza kutapika, anapepesuka kama mlevi. Usiku hakuweza kutamka hata jina lake. Nilimwita, akanitazama kama anayetazama ukuta."

"Na wewe?"

"Kichwa kilikuwa kinapasuka! Kiongozi wetu akanishusha Horombo usiku uleule. Kufika chini, maumivu yameisha kabisa. Nililala kama mtoto. Asubuhi tukapata habari kwamba kaka amefariki."

"Mbona hakushushwa yeye?"

"Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, Afande. Kila mtu aliona alivyokonda."

Felicitas alizunguka nyumba. Alimkuta Klaudia nyuma ya jiko, bado ameshika panga.

"Aliondoka na koti lake la jeshi," Klaudia alisema. "Alipigana nalo mpaka Uganda, akarudi nalo. Ndani, chini ya kwapa, nimelitia kiraka cha kitenge cha njano. Liko wapi?"

"Nani angelitaka?"

"Katika ukoo huu, musika, yule mrithi, huvikwa vazi la marehemu. Akivikwa na mwenyewe angali hai, wazee hawaulizi zaidi. Na Lameki alituambia hapa nyumbani: nikirudi kutoka mlimani nitawaita wazee washuhudie, kibanja changu, nyumba na shamba hili la migomba, ni cha Klaudia na Kokubanza." Alimtazama binti yake wa pekee, wa miaka kumi na moja, aliyekuwa amekaa juu ya nyasi zilizotandikwa kwa msiba. "Hakurudi. Sasa shemeji yangu anatangaza ugonjwa. Mwanamke akishatangazwa mgonjwa, nani atamtetea? Nitafukuzwa humu kama kuku mwenye kideri."

Kesho yake Felicitas alikuwa Bukoba. Dukani kwa Umedbhai, chini ya meza, aliona begi la mgongoni lenye jina la Lameki.

"Hili limefikaje hapa?"

"Nikisema nimeiba, utaamini, Sajenti? Kwa magoti haya?"

Mkewe, Kantaben, akapaza sauti kutoka ndani: "Mwambie ulivyobebwa mgongoni kama gunia la kahawa!"

"Nyamaza wewe!" Umedbhai aligeuka. "Lameki alinipa pale Horombo. Alisema, shuka nalo, huko juu hata kijiko kizito. Fungua."

Felicitas alifungua. Sufuria, vitabu, soksi. Koti halikuwamo.

"Koti alilivaa, kola ameinua mpaka masikioni. Nikamtania: Jenerali, vita imekwisha!" Umedbhai alivua miwani, akaifuta. "Kiongozi alituonya, sisi sote watatu. Mtu akitapika na kupepesuka huko juu, dawa yake ni kushuka, hata usiku, hata kwa kubebwa. Akibaki, atakufa."

"Kagaruki alisikia?"

"Yeye ndiye aliyeuliza: atakufa baada ya muda gani?"

Felicitas alirudi kituoni akaomba simu ya upepo. Jibu la Moshi lilikuja jioni. Wapagazi walipekuliwa na koti halikuonekana. Kiongozi naye alieleza hivi: machela ilikuwepo na watu wa kuibeba walikuwepo, lakini ndugu wa mgonjwa aliwaambia atakayemgusa ataondoka na ugonjwa wa Bukoba. Wakagoma. Kisha akadai ashushwe yeye kwanza, na kabla ya kuondoka akaingia peke yake kumuaga kaka yake. Alitoka amejifunika blanketi mpaka miguuni.

"Basi mkamate!" Klaudia alisema, Felicitas alipomletea habari hizo.

"Atasema aliuogopa ugonjwa, kama wengine wote. Tungoje siku ya kumvika musika. Aliyeiba koti kwa sababu ya baridi ataliuza. Aliyeiba kwa sababu ya kibanja atalileta mwenyewe."

Siku hiyo ilipofika, wazee walikaa uani kwa duara. Mzee Rutashobya, mkubwa wa ukoo, alipouliza vazi la marehemu liko wapi, Kagaruki aliingia chumba cha nje. Alitoka amevaa koti la jeshi, limefungwa vifungo vyote.

"Alinivika mwenyewe usiku ule Kibo," alisema. "Akaniambia: mdogo wangu, kibanja ni chako, watunze hawa."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Felicitas akapita katikati yao.

"Vua."

"Afande, hili ni jambo la ukoo."

Aliufungua upande wa koti yeye mwenyewe. Kiraka cha njano kilionekana na kila aliyekuwapo.

"Maneno hayo alikwambia kabla hujashuka?"

"Ndiyo, kabla."

"Mimi uliniambia usiku ule hakuweza kutamka hata jina lake. Chagua, Kagaruki. Kama aliweza kukuvika na kugawa kibanja, alikuwa na nguvu za kushuka, na ulimzuia. Kama hakuweza, ulimvua koti mtu aliye hai kwenye barafu."

"Angekufa tu! Alikuwa mgonjwa!"

"Alikuwa mgonjwa au hakuwa, mgonjwa hufunikwa blanketi. Wewe kichwa kilikuuma ukashuka, ukapona. Dawa uliijua, ukainywa peke yako."

Kagaruki aliwageukia wazee. "Kibanja cha babu yetu apewe mwanamke? Apewe binti atakayeolewa kwingine? Alikuwa anakwenda kuwaambia hivyo! Nami ningeishi wapi? Nilimwomba njia nzima, tangu lango la Marangu. Alinicheka, akasema tupande kwanza."

Pingu zilifungwa, na koti likabaki mikononi mwa Felicitas. Lilikuwa ushahidi. Alimtazama Mzee Rutashobya, kisha mjane.

"Nitalichukua jioni," alisema, akamkabidhi Klaudia.

Klaudia alilikung'uta mara moja, kwa nguvu. Akamwita Kokubanza katikati ya duara na kumvika. Mikono ya koti ilipita vidole vya mtoto, na pindo likafagia nyasi.

Mzee mmoja alifungua kinywa.

"Sema," alisema Klaudia. "Sema tusikie."

Mzee alikifunga. Rutashobya akasogea kwenye kigoda chake, akaacha nafasi ya musika, na Kokubanza akakaa.