Miwani ya Muriithi

— Kagure, nisomee hizi karatasi. Nimesahau miwani.

Kagure alikuwa akigonga muhuri wa tarehe kwenye kitabu cha msomaji, akauweka chini. Miaka miwili hajasikia maneno hayo kwa Muriithi, fundi wa makochi kule Majengo, mwanamume ambaye watu wake wangefika kwa kina Kagure, Ruring'u, Jumamosi hii kwa ruracio, kumposa rasmi na kuzungumza mahari. Miwani Muriithi hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Ulikuwa uongo wake wa kufichia kwamba hajui kusoma, mpaka Kagure, mkutubi, alipomfundisha kwa siri kwenye meza ya mwisho ya maktaba.

— Nisomee. Ama unaogopa?

Karatasi alizijua kabla ya kuzigusa: yalikuwa maneno yake mwenyewe. Tangu mwaka huo wa 1999 maktaba ilipopewa kompyuta ya intaneti, alikuwa akiandika humo shajara kila Ijumaa saa ya chakula, kwa Kiswahili, isomwe na Wakenya walio ng'ambo. Furaha ilimjaa na mjini hakuwa na wa kumwambia. Jina la Muriithi hakulitaja, akajiona mjanja kweli kweli.

Akasoma kwa sauti ndogo: "Fundi wangu wa Majengo leo amemaliza ukurasa mzima wa kitabu cha watoto wa darasa la tatu. Wenzake wanadhani husahau miwani. Hana miwani."

— Umezitoa wapi?

— Theuri, cousin yangu wa Amerika, aliona hiyo kitu kwa computer. Fundi, Majengo, miwani. Si angejua ni mimi? Akatumia mama yake kwa posta. Huyo mama yake, shangazi yangu tata Wangechi, akaniletea workshop, akaniuliza, "Nikusomee?" Nikamwambia aache hapo.

— Sasa nani alikusomea?

— Nilijisomea. Siku tatu. Kitu ya kwanza nimesoma mpaka mwisho bila wewe, Kagure, ni hii.

Aibu ilimpanda Kagure mpaka masikioni. Alitamani sakafu ya maktaba ipasuke immeze.

— Nilidhani inasomwa na watu wa mbali tu.

— Theuri si yuko mbali? Wewe ndiye uliniambia kadi ya msomaji haionyeshwi mtu, hata polisi. Ati chenye mtu anasoma ni siri yake. Yangu ukaonyesha dunia.

— Nitafuta yote leo.

— Futa. Lakini tata amebaki na copy. Amesema Jumamosi atasomea wazee.

Akatoka bila kuaga.

Kagure hakuwa amekauka machozi simu ya mezani ilipolia.

— Wewe ndiye Kagure? Mimi ni Wangechi, tata ya Muriithi. Nimemlea. Hatuwezi kuoa mtu anatuanika.

— Tata, tafadhali, nisamehe. Usimwaibishe mbele ya watu.

— Si mimi nilianza, mama. Tuonane Jumamosi.

Jumamosi watu walifika. Kagure hakujua kama Muriithi angekuja, na alipomwona akiingia nyuma ya wazee wake, uso ameukunja, hakujua afurahi au akimbilie jikoni. Chai ilinywewa. Msemaji wao alikuwa ndio kwanza anaanza Wangechi aliposimama na kufungua mkoba.

— Wazee, kabla hamjaenda mbali, kuna maneno huyu msichana ameandika juu ya kijana wetu. Nitawasomea.

— Nipe, tata, Muriithi akasema. Nitasoma mwenyewe.

— Utasoma na nini? Leo umekuja na miwani?

Wenzake wawili wa Majengo wakacheka, maana kwao ule ulikuwa mzaha wa kila siku. Muriithi akachukua karatasi na kuanza. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alisoma kuhusu kitabu cha watoto, kuhusu miwani. Kicheko kikafa. Kwenye neno "ananung'unika" akakwama, akarudi, akakwama tena. Kagure lile neno lilimfika mdomoni kwa mazoea, akauma midomo na kulimeza. Muriithi akalipata peke yake. Akafika mwisho: "Sijawahi kumwona mtu jasiri hivi. Akinioa nitajivuna."

Mzee Kahiga, baba yake Kagure, akaweka kikombe chini.

— Ulianza kusoma na miaka ngapi?

— Thelathini na sita, baba.

— Na huyu amekuandika hivi, bado unamtaka?

— Nimemkasirikia, baba. Na namtaka. Lakini mambo yangu nitakuwa naandika mwenyewe.

Kagure akalia mbele ya wageni wote, wala hakujali. Wangechi alibaki amesimama na mkoba wazi, mpaka Mzee Kahiga alipomwambia mkewe:

— Mwongezee mama chai. Tuendelee.

Jumatatu saa ya chakula, Kagure alimwekea Muriithi kiti mbele ya kompyuta. Ukurasa wa shajara ulikuwa mtupu, Kagure alikuwa ameufuta wote. Muriithi akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, na Kagure akageukia dirishani asije akaona kabla ya kuruhusiwa. Alisimama hivyo karibu nusu saa, miguu ikimuuma.

— Sasa soma.

Akageuka. Zilikuwa sentensi mbili tu:

"Jina langu ni Muriithi. Sina miwani."