Kiganja cha Baba

Kila siku akitoka shule, Kifutio alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Njia fupi ilipita nyuma ya karakana na ingemfikisha mapema, lakini njia ndefu ndiyo iliyokuwa na mabango ya baba yake. Kulikuwa na mkasi mwekundu juu ya mlango wa fundi cherehani, na kiatu cheusi kinachong'aa kwa mshona viatu. Kwa kinyozi kulikuwa na kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri mno, hata wateja walikaa kitini wakakinyooshea kidole na kusema, "Ninyoe kama yule." Yote hayo yalitoka katika mkono mmoja. Sasa jua lilikuwa limeanza kuyala. Mkasi ulikuwa umepauka, na hakuna aliyekuja kuupaka upya.

Jina lake halisi halikuwa Kifutio, bila shaka. Baba ndiye aliyembandika jina hilo alipokuwa bado mdogo. Mchora mabango hupiga kwanza mistari ya penseli ili herufi zikae sawa, kisha hupaka rangi, na rangi ikishakauka mistari hufutwa. Kazi ya kufuta ilikuwa ya mtoto. Baba alikuwa akiigusa rangi kwa kidole, anasubiri, anagusa tena, ndipo anasema, "Haya, Kifutio, futa mistari." Hapo mtoto alijiona mtu mzima kabisa. Mara moja tu alijitia haraka, akafuta kabla hajaambiwa, na herufi nzima ikaburuzika mpaka pembeni. Baba hakumpiga. Alikwangua ile rangi akaanza upya, na siku hiyo chakula chake kilipoa mezani.

Kisha baba akapatwa na kiharusi. Maneno yalimrudia, mguu nao ukarudi kwa msaada wa fimbo, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito na wa kutetemeka. Daktari alimpa mpira laini wa kuminya, akamwambia auminye kila siku, asichoke. Baba aliuminya akiwa amekaa dirishani, macho yake barabarani. Makopo ya rangi yalisukumwa chini ya kitanda. Mara nyingine Kifutio aliinama huko, akafungua kifuniko kimoja, akanusa, akafunga. Alikuwa na hamu na baba yake, na baba mwenyewe yuko palepale, amekaa. Hamu ya namna hiyo haina hata pa kupelekwa.

Aliyewaletea kibao cha kuchorea alikuwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, ambaye kila mtu alimwita Mama Waya. Hakukosa waya mfukoni, na siku nyingine ulimkuta nao hata kwenye nywele. Kibao chenyewe kilikuwa cheusi, chembamba, ukubwa wa sinia. Unachora juu yake na mchoro unatokea kwenye skrini ya kompyuta. Baba alipewa kalamu yake, ikaanguka. Mama yake Kifutio akaiokota, ikaanguka tena. Ilipoanguka mara ya tatu, baba alisema iachwe hapo hapo chini.

Mama Waya hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alisema kibao hicho kinahisi hata vidole, tena vingi kwa pamoja, na mtu anaweza kuchora kwa kidole bila kushika chochote. Akitaka kuigeuza karatasi iliyo kwenye skrini au kuikuza, anatumia vidole viwili. Tatizo lilikuwa kwenye kompyuta. Akamgeukia Kifutio, aliyekuwa ameshaanza kusogea karibu.

"Kati ya kibao na kompyuta kuna programu ndogo inaitwa kiendeshi," alisema. "Ni kama mkalimani. Kibao kinasema, 'Nimeguswa hapa,' na kiendeshi kinaifikishia kompyuta habari. Sasa hiki chetu kinaelewa kalamu tu. Vidole vikisema, chenyewe kimya."

"Kwa hiyo haiwezekani, shangazi?"

"Inawezekana. Hii ni programu huria. Walioiandika hawakuificha. Mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Ukirekebisha vizuri, unawapelekea na wenzako wote waitumie."

Basi ikawa kila akitoka shule, Kifutio anapitia dukani kwa Mama Waya. Mama Waya aliandika kwenye kompyuta, yeye akaweka vidole kwenye kibao, na wote wawili wakatazama vidoti kwenye skrini. Kidole kimoja hakikuleta shida. Vilipokuwa viwili, kidoti kilirukaruka huku na huku kama kuku asiyejua aingie mlango upi. Mama Waya aliguna, akafuta, akaandika upya. Siku vidoti viwili vilipotulia, kila kimoja chini ya kidole chake, na karatasi ikageuka pole pole kwa kuifuata mikono, Kifutio alijikuta anacheka peke yake. Moyoni alimwona baba yake tayari, ameinama juu ya kazi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama zamani.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Aliyekuwa akikisimamia kiendeshi kile aliishi mbali, mtu wasiyewahi kumwona, waliyewasiliana naye kwa maandishi tu. Yeye hakupokea marekebisho ambayo hayajajaribiwa. Mama Waya alimpa Kifutio kibao na kompyuta ndogo aende akajaribu nyumbani kwa utulivu. Akamkumbusha jambo moja mlangoni.

"Usisahau kiganja. Kilaze chote, kama mtu aliyechoka, kisha uchore kwa kidole kimoja. Rudia, rudia, mpaka wewe mwenyewe uchoke kweli. Watu hawachori mkono ukiwa hewani."

Vidole Kifutio alivijaribu kwa furaha. Kiganja, mh, kilikuwa na uchoshi wake. Alikilaza mara moja, akachora mstari, na karatasi ikatikisika kidogo. Akainua mkono. Labda nimekitingisha mimi, alijiambia, au ni jasho tu. Alitazama dirishani, alipokuwa amekaa baba yake, mpira mkononi. Akisema karatasi imetikisika, Mama Waya ataanza tena kuandika na kufuta, na kungoja kutarefuka. Yeye alikuwa amechoka kungoja. Alitaka kumwona baba akichora.

Kesho yake Mama Waya aliuliza, "Na kiganja je?"

"Nacho kiko sawa," alisema Kifutio, na uongo ukatoka laini kiasi cha kumshangaza mwenyewe.

Mama Waya aliamini. Kwa nini asiamini? Alituma kazi yao pamoja na neno kwamba kila kitu kimejaribiwa, na baada ya siku chache yule msimamizi akajibu kwa shukrani, akayapokea marekebisho yao.

Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko walipomwekea baba kibao mezani. Mama aliacha kuosha vyombo akaja kusimama nyuma yake, mikono bado ina povu. Baba alinyoosha kidole kikitetemeka, akakigusa kibao, akavuta. Mstari ukatokea. Ulikuwa umepinda, lakini ulikuwa mstari. Mama akaweka mkono mdomoni.

Kisha mkono ukachoka, kiganja kikashuka na kulala juu ya kibao. Papo hapo karatasi ikazunguka, ikanywea ikawa kama harage, mstari wake ukapotea. Baba aliinua mkono, akajaribu tena. Kidole kikaenda sawa, kiganja kikalala, karatasi ikaruka ikaenda zake. Alijaribu tena na tena, uso ukiwa umekaza. Mwishowe aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautoa mezani, akaulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Nilidhani labda," alisema. "Lakini mkono huu umekwisha, Kifutio. Kirudishe kwa mwenyewe."

  Kifutio alikibeba kibao, akakifunika kwa kitambaa, akakaa nyuma ya nyumba mpaka mama alipomwita.

Tangu siku hiyo baba hakuuminya tena ule mpira. Uliviringika chini ya kiti, na mama alipofagia aliusogeza tu, kisha akaurudisha alipoukuta. Baba alikihamisha kiti chake kisitazame barabara. Kifutio akawa anarudi nyumbani kwa njia fupi. Hakuweza kuyatazama mabango. Kila akifika nyumbani macho yake yaliushukia ule mpira, na moyo ukamsuta mpaka chakula kikakosa ladha.

Siku alipouona umeshika vumbi, hakuvua hata sare. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa pili.

"Shikamoo, shangazi," alisema mlangoni, na machozi yakatangulia mengine yote.

"Marahaba. Kulikoni?"

Alieleza yote: kiganja alichokilaza mara moja tu, karatasi iliyotikisika, na neno alilosema. Akaeleza na ya mpira. Mama Waya alisikiliza akizungusha waya kidoleni. Hakufoka, na heri angefoka. Alisema kwamba aliweka jina lake kwenye kazi ile, kwamba huko mbali kuna watu wanaoitumia sasa hivi, na kwamba atamwandikia msimamizi leo hii.

"Hilo ni langu," alisema. "Baba yako nani atamwambia?"

Hakuna njia ndefu iliyokuwa ndefu kama ile ya kurudi nyumbani. Baba alikuwa kitini, ameligeuzia dirisha kisogo. Kifutio alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akautoa mpira, akaufuta vumbi kwa sketi yake.

"Siyo mkono wako, Baba," alisema. "Ni mimi. Niliambiwa nijaribu kiganja, nikakijaribu mara moja tu, karatasi ikatikisika, nikasema kiko sawa. Kompyuta ndiyo haikukuelewa. Mkono wako haukukosea kitu."

Baba aliutazama mkono wake wa kulia mapajani. Kifutio alitamani agombezwe.

"Siku zote hizi," baba alisema mwishowe, sauti chini, "nimeulaumu mkono huu. Nimeutukana. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Unakumbuka ile herufi uliyoifuta kabla haijakauka? Siku ile iliyoburuzika ilikuwa rangi, nikaikwangua. Safari hii umeniburuza mimi." Alivuta pumzi. "Mashine haina macho, mwanangu. Inajua kile tu tulichoiambia. Ukiidanganya, na yenyewe itamdanganya atakayekuja kuigusa, na huyo maskini atajilaumu mwenyewe. Ukiwa hujajaribu, sema hujajaribu. Kungoja kunauma, lakini hakumvunji mtu."

Kifutio alilia, na baba akamwacha alie. Alipotulia alimweleza kwamba kompyuta haijawahi kuona mkono kama ule wa baba. Mama Waya atauhitaji ili akirekebishe kiendeshi. Mikono yao wao ilikuwa myepesi mno.

"Unahitajika, mkono huu?" Baba aliutazama kana kwamba mtu amemletea habari zake kutoka mbali. "Haya. Nipe fimbo yangu."

Walikwenda kwa njia ndefu, pole pole, Kifutio amebeba kibao. Fundi cherehani alitoka mlangoni kumsalimu, akamtania kwamba mkasi wake umezeeka kuliko yeye. Baba alisimama chini ya lile bango, akalitazama.

Dukani aliulaza mkono wote juu ya kibao, na Mama Waya akapiga kelele kidogo ya furaha. Kwenye skrini kiganja hakikuonekana kama kitu kimoja. Kilitokea vipande vipande, na kila kipande kiendeshi kilikiita kidole. Ndiyo maana karatasi ilizunguka: kilidhani inageuzwa. Siku zilizofuata baba alikwenda kila mchana, analaza mkono, anachora, anachoka, analaza tena, huku Mama Waya akikifundisha kiendeshi kutambua mguso mpana na kuupuuza. Kifutio alikaa pembeni akitazama vidoti. Kila karatasi ilipotikisika, hata kidogo, alisema, "Imetikisika." Aliyasema hayo mpaka Mama Waya akamwita king'ora. Kazi ilipokamilika, msimamizi aliwajibu kwamba kuna mama mmoja mahali pengine, naye mkono wake una shida kama wa baba, ambaye sasa anachora. Baba aliomba asomewe sentensi hiyo mara mbili.

Mpira ulirudi mkononi mwake, na kiti kikarudi dirishani.

Kitu cha kwanza alichochora nyumbani kilikuwa mkasi mwekundu. Alianza kwa mistari myembamba ya kijivu, kama penseli, kisha akapaka rangi kwa kidole, kiganja kimelala, karatasi imetulia tuli. Ulikuwa mkasi wa ajabu kidogo, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Chumba hakikunukia rangi, na mkono ule haukuwa wa zamani, wala pengine hautakuwa. Lakini ulimi wa baba ulikuwa umetokeza pembeni mwa mdomo.

Alijiegemeza kitini. "Haya, Kifutio, futa mistari."

Kifutio alinyoosha kidole, kisha akakirudisha.

"Imekauka?" aliuliza.

Rangi ya kwenye kompyuta haikauki, na wote wawili walilijua hilo. Baba aliinama mbele. Aliigusa skrini kwa kidole kinachotetemeka, akasubiri, akagusa tena.

"Imekauka," alisema.

Ndipo Kifutio akafuta.